Kuhama Kutoka Gazetini Kwenda Mtandaoni: Mwongozo kwa Mwanahabari Mzoefu

Katika gazeti la kuchapishwa, kazi ina mahali inapoishia. Ukurasa unafungwa, mitambo inaanza kunguruma, na mwandishi anakwenda kulala akijua kwamba kosa lolote lililobaki litakutana na msomaji asubuhi na hakuna tena wa kulizuia. Nilifanya kazi ya uhariri msanifu, yaani kupanga kurasa na kuzipa habari vichwa, kwa miaka mingi kabla ya kuhamia mtandaoni, na kilichonisumbua zaidi katika miezi ya mwanzo hakikuwa kamera, wala programu, wala vijana walionizunguka, bali kukosa ile saa ya kufunga. Mtandaoni, kuchapisha ni nusu ya kazi. Baada ya hapo kichwa kinapimwa na kubadilishwa, wasomaji wanauliza maswali yanayostahili kuingizwa ndani ya habari, kosa linasahihishwa palepale lilipo, na habari ya mwezi uliopita inaamka ghafla kwa sababu watu wameanza kuitafuta upya. Anayetaka kuhama alielewe hili kabla hajanunua kifaa chochote, kwa kuwa wengi hujiandaa kwa vifaa, kisha wakaangushwa na mazoea.

Hali ya magazeti haihitaji maelezo marefu. The Christian Science Monitor la Marekani liliacha toleo la karatasi la kila siku mwaka 2009 likabaki na tovuti na toleo la wiki, na The Independent la Uingereza lilitoa toleo lake la mwisho la karatasi mwezi Machi 2016. Jarida la Newsweek liliacha karatasi mwishoni mwa mwaka 2012, kisha likairudia mwaka 2014, ishara kwamba hata wenye vyombo walikuwa wakipapasa gizani. Kwa sababu hiyo si busara kumsubiri mwajiri akupangie wakati wa kuhama.

Ukiwa bado kazini, okoa kazi zako

Hatua ya kwanza haina mvuto wowote, na ndiyo maana wengi huiruka. Kusanya kazi zako zote zenye thamani. Tovuti ya gazeti ikibadilishiwa mfumo, au kampuni ikifungwa, viungo ulivyotegemea kumwonyesha mwajiri mpya hufungua ukurasa mtupu, na miaka kumi ya kazi inakuwa kama haikuwahi kuwepo. Hifadhi kila habari kama faili la PDF lenye tarehe na jina lako, piga picha safi za kurasa ambazo hazikuwahi kuwekwa mtandaoni, na zile zilizo mtandaoni zihifadhi pia kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za wavuti inayoendeshwa na Internet Archive. Wakati huohuo usome mkataba wako wa ajira, kwa maana mara nyingi hakimiliki ya habari ni ya mwajiri. Kumwonyesha mtu sampuli ya kazi ni jambo moja, na kuichapisha upya nzima kwenye tovuti yako ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu vyanzo vya habari, nina msimamo mkali kidogo. Mtu aliyekupa siri ukiwa chini ya gazeti fulani aliliamini gazeti hilo pamoja na wewe. Ukihamia chombo kingine, usimbebe kimyakimya kama unavyobeba kalamu zako. Mpigie, mweleze unakokwenda, na umwache aamue kama anataka kuendelea kuzungumza nawe.

Chagua kazi mahususi

Kusema kwamba unataka kuingia kwenye uandishi wa kidijitali ni sawa na kusema unataka kufanya kazi hospitalini: atakayekusikiliza atakuuliza mara moja, kama nani? Zipo kazi nyingi zenye majina tofauti, na iliyo rahisi kwako ni ile inayopakana na ujuzi ulio nao tayari. Mhariri msanifu, aliyezoea kupima uzito wa habari na kuipa kichwa, hufaa sana katika uhariri wa hadhira, yaani kazi ya kuamua habari ipelekwe wapi, saa ngapi na kwa maneno yapi, au katika kuandaa jarida la barua pepe. Mtangazaji wa redio ana nusu ya ujuzi wa podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni, mdomoni mwake, ingawa itambidi ajifunze kuzungumza na mtu mmoja aliyevaa visikilizi badala ya kuhutubia umma. Mwandishi wa mahakama au wa biashara, aliyezoea kusoma nyaraka ndefu bila kusinzia, anaweza kujifunza lahajedwali, yaani majedwali ya hesabu ya kwenye kompyuta, na kuingia kwenye uandishi wa takwimu. Mpigapicha atageukia video, kwa sharti kwamba akubali kuishika kamera wima, kwa uwiano wa 9:16, hata kama moyo wake utaendelea kuulilia uwiano wa 16:9.

Kuna pia mlango wa mawasiliano ya mashirika na kampuni, ambao huwapokea wanahabari wengi na mara nyingi hulipa vizuri zaidi. Siukatai. Ila anayeupita ajue kwamba hapo haandiki tena kwa niaba ya msomaji, na akiendelea kuandika makala za kujitegemea pembeni, analazimika kumweleza mhariri wake waziwazi nani anamlipa mshahara.

Mafunzo si lazima yawe ya gharama. Knight Center, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, imekuwa ikitoa kozi za mtandaoni za uandishi wa habari kwa miaka mingi, nyingi zikiwa bila malipo. Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford hutoa kila mwaka ripoti kuhusu namna watu wanavyopata habari kidijitali, nayo inafaa kusomwa kabla ya usaili wowote. Chukua kozi moja, uimalize, kisha uifanyie kazi. Nimewaona watu wenye vyeti kumi na wawili ambao hawajachapisha hata habari moja.

Kuandika kwa ajili ya skrini

Mwandishi wa gazeti hudhani kwamba hapa ndipo atakapopata urahisi, kwa sababu kuandika anakujua. Kwa kweli hapa ndipo anapohitaji uvumilivu mkubwa zaidi.

Kichwa cha habari cha gazeti hakisimami peke yake. Pembeni kina picha, chini yake kuna kichwa kidogo, na ukurasa wenyewe unasema kama hii ni michezo au siasa. Ndiyo maana mhariri msanifu anaweza kuandika maneno mawili tu, "Wakwama tena", juu ya picha ya malori yaliyopangana kwenye ukingo wa mto uliofurika, na msomaji akaelewa kila kitu. Sasa yachukue maneno hayohayo uyaweke kwenye orodha ya matokeo ya utafutaji, au kwenye ujumbe ambao mtu amemtumia ndugu yake. Nani amekwama? Kwa nini? Kichwa cha mtandaoni kinalazimika kubeba mzigo wote peke yake: "Malori 40 yakwama siku ya tatu baada ya mto kufunika daraja". Hakina utani wa kile cha kwanza, na mimi bado naupenda ule wa kwanza, lakini hiki kina maneno ambayo mwenye mzigo wake ndani ya lori angeyaandika anapotafuta habari: malori, mto, daraja. Yaweke mapema ndani ya sentensi, kwa kuwa kurasa za utafutaji kwa kawaida hukata kichwa kinachozidi herufi 60 hivi.

Usivuke kutoka kwenye kichwa kinachoeleza hadi kwenye kichwa cha chambo, kile kinachoficha jambo ili mtu afungue. Msomaji aliyedanganywa mara mbili harudi mara ya tatu, na wewe uliyekuja na sifa ya kuaminika utakuwa umeuza mali pekee uliyohama nayo.

Jambo la pili la kuacha ni neno "jana". Katika gazeti lina maana moja tu, lakini mtandaoni msomaji anaweza kufika baada ya wiki tatu au miaka mitatu, na "jana" yako itakuwa uongo. Andika tarehe. Vilevile, unapoandika "kwa mujibu wa ripoti", weka kiungo kinachompeleka msomaji kwenye ripoti yenyewe. Gazetini tulimwomba msomaji atuamini. Hapa anaweza kuhakiki mwenyewe, na ukimnyima nafasi hiyo atajiuliza unaficha nini.

Kuhusu muundo, habari njema ni kwamba piramidi iliyogeuzwa, ile kanuni ya kutanguliza jambo kuu, bado ina nguvu. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alichapisha matokeo ya utafiti uliofuatilia mwendo wa macho ya watu 232 wakisoma kurasa za wavuti, akaonyesha kwamba mara nyingi macho hutambaa kwa umbo linalofanana na herufi F: mstari wa juu husomwa kwa upana, unaofuata kwa ufupi, kisha jicho linashuka upande wa kushoto. Kwa hiyo maneno ya mwanzo ya kila aya yana thamani kuliko ya katikati. Aya inayoanza na "Ikumbukwe kwamba katika siku za hivi karibuni" imeshampoteza msomaji kabla ya kufika kwenye kitenzi.

Makosa nayo yana utaratibu wake. Gazeti huomba radhi kesho yake, ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo. Mtandaoni unasahihisha ndani ya habari na kuweka maelezo yanayosema kilichokosewa na tarehe ya kusahihishwa. Kubadilisha kimyakimya ni kishawishi kikubwa, maana mfumo unakuruhusu kwa kubofya mara moja. Usifanye hivyo, kwa sababu kuna mtu aliyekwisha kupiga picha ya skrini.

Kuzisoma namba bila kuziabudu

Nilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza takwimu za usomaji wa makala yangu, niliona aibu. Makala niliyoihangaikia wiki mbili ilikuwa imesomwa na watu wachache kuliko taarifa fupi ya foleni iliyoandikwa na mwenzangu kwa dakika kumi. Gazetini tulijua nakala zilizouzwa, lakini hatukujua nani alisoma ukurasa wa kumi na nne, na tulijifariji kwamba ni wote.

Namba zinafundisha, ila zinapotosha pia, na mwanahabari anapaswa kuzihoji kama anavyomhoji mwanasiasa. Mwezi Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba wastani wa muda ambao watu walitazama video ulikuwa umekuzwa kuliko hali halisi, kwa kuwa hesabu ilijumuisha tu waliotazama zaidi ya sekunde 3 na kuwaacha walioondoka mapema. Katika kipindi hichohicho vyombo kadhaa vya habari vya Marekani vilikuwa vikielekeza nguvu kwenye video, na vingine viliwapunguza waandishi wa maandishi kwa jina la mageuzi hayo. Mfano mwingine ni wa mwaka 2021, Apple ilipoweka ulinzi wa faragha kwenye programu yake ya barua pepe. Tangu hapo picha zilizomo ndani ya ujumbe, ambazo kupakuliwa kwake ndiko kulikohesabiwa kuwa barua imefunguliwa, huweza kupakuliwa hata kama mhusika hajaufungua, na kiwango cha barua zilizofunguliwa, ambacho waandaaji wa majarida walikitegemea kama dira, kikakosa uaminifu. Ukisimamia jarida la barua pepe leo, angalia waliobofya viungo na waliojibu.

Kila wiki jiulize mambo machache tu. Watu walifikaje kwenye habari hii: kwa kutafuta, kwa mitandao ya kijamii, au kwa kuja moja kwa moja? Walikaa muda wa kutosha kuisoma, au walichungulia na kuondoka? Ni wangapi walirudi? Idadi ya waliofungua ukurasa ndiyo wakubwa huipenda kuitaja kwenye mikutano, lakini anayerudi kwa hiari yake ndiye atakayelipia usajili.

Kwenye video, namba yenye mafunzo makali zaidi ni mchoro wa waliobaki kutazama. Video yangu ya kwanza ilianza kwa salamu, jina langu, jina la kipindi na maelezo ya kitakachofuata, kama nilivyozoea kuwaona watangazaji wakifanya. Mstari uliporomoka ndani ya sekunde kumi za kwanza kama jiwe lililodondoshwa kisimani, kisha ukanyooka. Wale wachache waliovumilia salamu walibaki hadi mwisho. Niliihariri upya ikaanza na mama mmoja niliyemhoji akisema sentensi yake nzito kuliko zote, nikaweka jina langu kwa maandishi chini ya skrini, na mteremko ukapungua kwa kiasi kikubwa. Weka pia maandishi ya maneno yanayosemwa, kwa faida ya wasiosikia na ya wanaotazama simu ikiwa imezimwa sauti.

Kwa upande wa vifaa sina mengi ya kusema. Simu nzuri, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola na mahali penye utulivu vinatosha kuanzia. Mtazamaji husamehe picha yenye ukungu, lakini sauti mbovu humfukuza.

Uhakiki ndio mtaji wako

Kijana aliyekulia kwenye mitandao anakushinda kwa kasi ya kuhariri video, na usijidanganye kwamba utamfikia upesi. Unachomzidi ni mazoea ya kutoamini jambo hadi uone ushahidi. Mazoea hayo sasa yana zana mpya. Ukiletewa picha ya mafuriko inayodaiwa kuwa ya leo, itafute kinyumenyume kupitia TinEye au Google uone ilionekana lini kwa mara ya kwanza. Kisha ikague yenyewe, yaani maandishi ya vibao, umbo la paa, mwelekeo wa vivuli, namba za magari, na ulinganishe na picha za setilaiti za eneo linalotajwa. Kundi la Bellingcat, lililoanzishwa mwaka 2014 na Eliot Higgins, ambaye hakutokea kwenye chumba cha habari, lilijijengea jina kwa kuchunguza matukio makubwa kwa kutumia picha na video zilizo wazi kwa kila mtu, ikiwemo kudunguliwa kwa ndege ya Malaysia Airlines, MH17, mwaka huohuo. Kama yeye alijifunza mbinu hizo nje ya fani, aliyelelewa ndani yake hana kisingizio. Na kwa kuwa sasa programu za akili mnemba hutengeneza picha ya tukio ambalo halikutokea, utafutaji wa kinyumenyume peke yake hautoshi. Mtafute aliyepiga picha, uzungumze naye.

Usijenge nyumba kwenye kiwanja cha kupanga

Wafuasi wa kwenye mitandao ya kijamii si mali yako. Vine, iliyokuwa maarufu kwa video za sekunde 6, ilifungwa mwezi Januari 2017, na waliokuwa na mashabiki huko walilazimika kuanza upya kwingine. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba ingetanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa za vyombo na kampuni, na wachapishaji waliotegemea mtandao huo kuwaletea wasomaji wakaachwa mkono mtupu. Itumie mitandao hiyo kama barabara ya kuwaleta watu nyumbani, na nyumba yenyewe iwe tovuti yenye jina lako pamoja na orodha ya barua pepe za waliokubali kuandikiwa. Orodha ya watu mia tatu wanaosoma kweli inahamishika kutoka huduma moja kwenda nyingine, wakati wafuasi elfu hamsini wanabaki pale walipo.

Fedha za kipindi cha mpito

Usiache kazi kwa sababu umefungua chaneli. YouTube inahitaji wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90, kabla ya kukugawia mapato ya matangazo, na hata ukifika hapo malipo ya mwanzo huwa madogo. Kwa maoni yangu, akiba ya miezi sita ya matumizi ya kawaida ndiyo kipimo cha chini kwa anayejiajiri. Ukianza kuuza kazi kama mwandishi wa kujitegemea, elewaneni kwa maandishi, kabla hujaandika neno, kuhusu malipo, tarehe ya kulipwa, idadi ya marekebisho, na nani atamiliki haki. Nimewahi kuandika mfululizo mzima kwa makubaliano ya mdomo, na nikaishia kuufukuzia ujira wangu kwa muda mrefu kuliko nilioutumia kuandika.

Kwenda kwenye usaili

Katika usaili wangu wa kwanza wa kazi ya mtandaoni nilibeba bahasha ya kurasa za mbele. Mhariri, ambaye kiumri angeweza kuwa mwanangu, alizitazama kwa adabu, kisha akauliza: "Baada ya kuchapisha hii, ulibadilisha nini?" Sikuwa na jibu. Katika miaka yangu yote sikuwahi kubadilisha chochote baada ya kuchapisha, kwani gazeti lilikuwa limeshakwenda.

Kabla ya usaili wa pili nilichukua majuma kumi na mawili nikachapisha jarida dogo la barua pepe kuhusu eneo moja nililolifahamu vizuri, kila juma bila kukosa, kisha nikaandaa ukurasa mmoja tu wa kuonyesha. Andaa wa kwako kwa mtindo huohuo. Chagua toleo moja. Andika kichwa cha kwanza ulichotumia na kile ulichokibadilisha baadaye, idadi ya waliobofya kabla na baada ya kubadilisha, swali moja la msomaji lililokufanya uongeze aya, kosa moja ulilosahihisha na namna ulivyolieleza, na sentensi mbili za jambo ambalo usingelirudia. Chini yake weka viungo vitatu vya kazi zako bora za zamani, ukiwa umehakiki asubuhi hiyohiyo kwamba bado vinafunguka.